Sufuria Yetu na Bajeti ya Wazee

Benchi letu liko nje ya duka la Jagdish, mtaa wa Lozells, Birmingham. Kila Jumamosi asubuhi, mwaka huu wa sabini na sita, tunalikalia na makoti yetu na chupa ya kahawa ya Mkubwa, Mzanzibari tunayemwita Profesa. Leo tulianza kwa shukrani. Tangu rafiki yetu Mzee Idd apooze, hospitali ndogo ya serikali huko mashambani, nje ya Birmingham, inamwogesha na kumlisha, na matroni amejifunza kumwamkia “shikamoo”. Nasema wazi, wema huo sikuutegemea katika nchi hii. Ndiyo maana kila Jumapili tunapeleka sufuria ya pilau ya wodi nzima, wazee ishirini. Mara akatokea Zilpah, nesi wa wodi hiyo, uso umemshuka.

— Pilau yenu imetuponza.

— Chumvi ilizidi? akauliza Otieno, kondakta wa basi, ambaye hapa kijiweni tunamwita Waziri.

— Si chumvi. Ofisi hutupangia gharama ya kila mzee kwa wiki. Jumapili hatupiki, so gharama imeshuka. Wamesema kumbe tunaweza kumudu kwa pesa pungufu, wakakata pesa ya chakula cha Jumapili. Kuanzia kesho!

— Lahaula! akasema Profesa. Tumewashukuru mpaka tumewanyima chakula?

— Kuna bosi alionja hiyo pilau, akasema Otieno. Akaona wivu.

— Dawa nyepesi, akasema Profesa. Siku za kazi twende sote tukale chakula chao. Gharama ipande!

— Tulazwe kabisa! akadakia Otieno. Mimi mgongo huu unanisumbua.

— Nami Jumatatu naamka na miaka tisini, nikasema.

— Mnacheka, akasema Zilpah, machozi yakimlenga. Mkiendelea kuleta, ofisi itaona mambo ni sawa, na hiyo pesa hairudi. Mkiacha, kesho wazee wangu watashindia mkate na chai.

 Profesa akainamisha chupa; kahawa ilikuwa imekwisha. Barnabas, mwanafunzi aliyefika juzi kutoka Kisii, ndiye aliyesema.

— Samahani, kaka zangu. Sasa kesho mnapeleka au hampeleki?

Otieno alimtazama Profesa, Profesa akanitazama mimi. Jagdish akatoka na mfuko wetu wa mchele, kama kila Jumamosi, akasimama nao mlangoni akingoja mtu aupokee.