Waliniosha kwa Maji ya Pareto

Mwaka wa 1955 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mikono yangu ikaanza kupasuka kama udongo wa kiangazi. Nilisoma hadi darasa la pili tu, kwa hivyo nitasema vile najua kusema. Asiyependa, mlango wa kanisa ndio huo.

Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi, shamba la mzungu upande wa Molo. Watoto wote wa pale tulichuma pareto, yale maua meupe yanayoua wadudu. Msimu wa pili nikavimba macho, shingo ikatoka malengelenge, vidole vikatiririka maji. Nyapara akanichungulia, akacheka: "Wewe binti, hiyo ni ugonjwa ya uvivu. Jaza kikapu!"

Watu wa kanisa wakasema ni upele, tena wa kuambukiza. Ndugu zangu, sikieni huo ujinga: si pareto inaua chawa? Basi itaua upele! Mama akachemsha maua debe zima, akaniosha asubuhi na jioni.

"Mama, inachoma!"

"Ikichoma ndiyo inaponya. Tulia."

Mama alinipenda. Lakini wale wamama wa kanisa waliomshauri walikataa kunisalimu kwa mkono. Kikombe changu kiliwekwa nje, kando ya mlango, kama cha mbwa. Halafu, baada ya sala, baada ya sala nawaambia, wakaamua nilale kwenye kibanda cha mbuzi.

Shangazi yangu alikuwa yaya Milimani, mtaa wa wazungu kule Nakuru. Alipokuja kututembelea akanikuta humo, akamgeukia mama: "Wifi, huyu ni mtoto ama ni mbuzi?" Kesho yake tukashuka Nakuru, hospitalini.

Daktari hakunipa dawa. Alinibandika vitambaa vidogo mgongoni, kila kimoja na kitu chake: sabuni ya kufulia, mpira, mafuta ya kujipaka, unga wa pareto. Dresa, yule msaidizi wake wa kufunga vidonda, akanieleza, "Usioge, usibebe kitu. Rudi baada ya siku mbili." Nikakaa kwa shangazi. Mgongo uliniwasha mahali pamoja tu, na kila nikiinua mkono nikune, shangazi anaupiga.

Walipobandua, ngozi ilikuwa safi kote, isipokuwa pale pa pareto. Hapo palikuwa pekundu, pamevimba, malengelenge matupu.

"Huyu hana upele," dresa akasema. "Hawezi kuambukiza mtu. Ni lile ua. Asiliguse tena."

Nililia, na si kwa furaha. Walikuwa wakiniosha kwa sumu yangu! Hasira hiyo ninayo hadi leo, na msiniombee ipungue.

Mama aliposikia, alimwaga lile debe, akanishika mikono yote miwili. Shambani sikurudi. Shangazi alinifundisha cherehani.

Namshukuru shangazi. Namshukuru yule dresa aliyeniambia ukweli kwa lugha ninayoelewa. Nanyi nawaambia: ngozi ya mtoto ikiharibika, ulizeni anagusa nini kabla ya kuuliza amekosa nini. Maana Jumapili iliyopita niliona mtoto mwenye vidonda amekalishwa benchi ya nyuma, peke yake. Hapa hapa. Mnajijua.

Leo nina ekari tatu za viazi, ng'ombe wanne wa maziwa, nyumba ya mawe mtaa wa Free Area, na cherehani tatu. Shina la pareto sina hata moja. Na nina mikono hii miwili, mizima. Mtoto huyo aje hapa mbele anisalimu.