Mzee Harerimana: Miaka Kumi na Sita ya Kuwapa Wengine Mashua

Tarehe 30 Juni 1995 Mzee Polikarpi Harerimana anastaafu, baada ya kukitumikia Chama chetu cha Mashua hapa Bweranyange kwa miaka kumi na sita. Kamati imenipa mimi, katibu, kazi ya kuandika wasifu wake. Ningeandika kwa furaha zaidi kama angekuwa mtu ambaye sikumkosea.

Alianza kazi Julai 1979, vita vya Kagera vilipokwisha, akitokea kwenye kibarua cha kahawa kule Kiruruma. Tulikuwa na mashua nne ndogo za tanga, tulizoachiwa na padre mgeni aliyehamishwa. Hakuna aliyejua kuziendesha isipokuwa Harerimana, ambaye alikuwa akizipaka rangi mashua za padre na kujifunza kwa kutazama. Tukamwajiri azitunze na kuzikodisha kwa walimu, wauguzi na makarani waliotaka kushindana ziwani siku ya Sabasaba. Ni mashindano ya kujifurahisha tu: mshindi hupata beberu mmoja na ruhusa ya kujisifu hadi Krismasi.

Mzee alikuwa na sharti lake. Hakumkabidhi mtu mashua kabla mtu huyo hajaipindua mwenyewe karibu na ufuko, akaisimamisha na kupanda tena, yeye akitazama. Mwalimu mkuu mmoja wa Bugene alifika na tai shingoni, akaeleza vyeti vyake vyote. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Pole mwalimu, ziwa halisomi cheti." Tai ililoa. Muuguzi Costansia, aliyemfuata, alimaliza jaribio lake mwalimu angali anatema maji. Kwa miaka yote hiyo hatujazika mtu hata mmoja aliyekodi mashua kwetu.

Kila Mei alileta ombi la maandishi, lenye mistari miwili: apewe mashua moja, siku moja, na yeye ashindane. Kila Mei nilimjibu kwamba zote zimekwisha kukodiwa, asubiri mwakani. Tulimtania kwamba mganga hajigangi. Alicheka pamoja nasi, akasema, "Haya, katibu," akaenda kukaza kamba za wengine. Nilidhani kicheko kile kilikuwa cha kweli.

Mwaka 1991 hatimaye nilimwandikia kwamba amekubaliwa. Alipewa mashua namba tatu. Alikaa wiki mbili akishona tanga lake, na mkewe, Mama Kantengwa, akaja kwa miguu kutoka Kiruruma na kapu la ndizi za kuchoma ili amwone mumewe akishindana. Asubuhi ya Sabasaba wakatokea wageni watatu kutoka Bukoba, watu wakubwa, bila taarifa. Nikaichukua mashua ya Mzee nikawapa. Nikaagiza pia wasisumbuliwe na jaribio, maana walikuwa wamevaa vizuri.

Alivua boya lake, akamvalisha mgeni wa kwanza.

Haikupita nusu saa, wakapinduka katikati ya ziwa, wasijue waanzie wapi. Mzee alipiga kasia kwa mtumbwi akawafikia, akawatoa wote watatu wazima. Alipokuwa akimvuta wa mwisho, mlingoti ulimpiga bega la kulia. Tulimpeleka hospitali, lakini bega halikurudi kama zamani, na tangu siku ile hawezi kuvuta kamba ya tanga. Akaendelea na kazi miaka minne kwa mkono mmoja, akiwakodishia watu mashua na kuwapima vilevile. Sharti lake tukalirudisha siku ileile. Ombi la Mei hakulileta tena.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake Kiruruma. Nilimwomba Sabasaba hii akae mashuani nami, mimi nifanye kazi zote, yeye apumzike tu mbele. Mama Kantengwa aliinama, akaendelea kumenya ndizi. Mzee akanijibu kwa upole, "Asante sana, katibu. Mimi nilitaka kushindana. Sikutaka kubebwa."

Mzee Harerimana, wanachama wote wanakushukuru kwa kila aliyerudi nyumbani kwake akiwa mzima. Tunakuombea afya, kahawa yako izae, na wajukuu wakuzunguke, wewe na Mama. Na mimi naomba radhi mbele ya hadhara hii yote: siku ile ilikuwa yako, nikaigawa kama yangu.

Egbert Mutalemwa, Katibu