Mstari wa Kwanza kwenye Ubao wa Mama Evarista

Leo Jumamosi, tarehe 27 Septemba 1975, Ndugu Evarista Kihwele anastaafu. Amewatumikia watu miaka ishirini na minane: kumi na minane akiwa muuguzi na mkunga huko Iringa, kumi akiwa mbunge. Sisi wa kituo cha mama na watoto hapa Uyole, ambako alikuwa na chumba chake cha kazi, tunamwita Mama Evarista, na anaitika hivyo hivyo hata mbele ya wageni wa Dar es Salaam. Nimeombwa niandike mimi maneno haya ya kumuaga kwa sababu tangu mwaka 1972 ndimi ninayefagia chumba chake na kumchemshia chai. Nilisoma mpaka darasa la tano. Ndugu Crispin, mpiga chapa wetu, ameahidi kunyoosha herufi tu, maneno ayaache.

Kazi aliianza mwaka 1947 katika hospitali moja ya misheni, akiwa mjane wa miaka ishirini na saba. Alikuwa anaandika kwenye daftari la wagonjwa kila mtoto ameletwa kwa shida gani. Wasichana wadogo walioharibiwa na watu wazima waliletwa na mama zao, na mama akiulizwa anasema mtoto ameanguka mtini. Basi Mama Evarista akaandika, ameanguka mtini. Anasema aliandika hivyo mara kumi na saba. Ya kumi na nane mkono ulikataa, akaandika alichokiona kwa macho yake. Aliitwa, akagombezwa, lakini hakufuta. Bungeni aliingia mwaka 1965, ila yeye husema safari ilianzia kwenye ukurasa ule.

Wengi mnamjua kwa sindano zake za kufumia. Faili la mtoto likipotea polisi, hakupiga kelele. Alikwenda kwenye kituo kinachohusika, akakaa kwenye benchi mbele ya kaunta, akatoa uzi, akaanza sweta. Siku moja askari alimwambia, "Mheshimiwa, wewe nenda nyumbani, tutakuita." Akamjibu, "Fanya kazi yako, baba. Mimi kwanza bado niko kiunoni." Siku ya tatu alipofika kwenye mikono, faili lilionekana. Lilikuwa chini ya birika. Roza wangu, ambaye nimembeba mgongoni hata sasa ninapoandika, amevaa sweta hilo hilo, la kijani. Hapa kazini tunaliita sweta la faili.

Sitawadanganya kwamba alishinda kila kitu. Bungeni alisimama mara nne na ombi lile lile: kesi ya mtoto aliyeharibiwa isifutwe kwa sababu wazee wa pande mbili wamepatana kwa mbuzi na blanketi, na faili kila siku lijulikane liko kwa nani. Mara ya kwanza mwenzake mmoja alimuuliza kama huko kwao barabara zimeshakwisha. Mara ya nne walimsikiliza kimya, hoja ikaahirishwa. Bunge limevunjwa, hoja bado iko pale pale. Siku aliyorudi kutoka Bungeni mara ile ya nne, chai niliyompa ilipoa mezani mpaka ikafanya utando.

Tangu siku ile akabaki na ubao. Ni ubao mweusi wa shule, umetundikwa ukutani kwetu kwa nje, unaangalia njia ya kwenda sokoni. Kila kesi ina mstari wake: imeletwa lini, na leo faili liko mezani kwa nani. Jina la mtoto haliandikwi. Kila mtoto anapewa jina la zao la shamba, Ulezi, Njegere, Pareto, Shayiri. Mwaka juzi Ndugu Budeba, mnunuzi wa nafaka kutoka Usangu, alisimama pale akasoma, "Pareto, kwa daktari, siku arobaini." Akapaza sauti, "Jamani! Daktari anafanya nini na pareto siku zote hizo? Si mniuzie mimi!" Tulicheka mpaka machozi. Mama akatoka nje, akamwambia taratibu kwamba Pareto ana miaka tisa. Yule mzee alivua kofia, asijue aiweke wapi. Tangu hapo akija sokoni anapita kwetu kwanza: "Pareto hajambo? Ametoka kwa daktari?" Akina mama wa viazi nao wakaanza kuuliza, sauti zikamfikia daktari mwenyewe. Siku ya arobaini na sita fomu ya daktari ya kupeleka polisi ilitoka.

Mstari wa kwanza wa ubao ule huwa mtupu. Mimi nilidhani ni wa kichwa cha habari. Siku moja ubao ulijaa, nikaona nisipoteze nafasi, nikamwandika Shayiri pale juu. Mama alipokuja aliufuta kwa kiganja, chaki ikamjaa mkononi, kisha akaniambia nikae. Akanieleza kwamba mwaka wake wa kwanza wa ubunge, katika kijiji kimoja cha Iringa, alisimama kwenye mkutano wa hadhara akaitaja kesi nzima, na jina la msichana akalitaja. Aliamini kwamba ubaya wote uko kwenye kuficha. Watu walimpigia makofi. Wiki ile ile watoto wakamtungia yule msichana wimbo kisimani, akaacha shule, na mavuno yalipokwisha wazazi wake wakahama naye. Mama amemtafuta miaka tisa hajampata. "Mwanangu Sekela," aliniambia, "faili liwekwe wazi. Mtoto afunikwe. Mimi nilivichanganya." Mstari ule mtupu ni wa yule msichana; jina lake silijui, na sikuuliza.

Sasa yupo Ulezi wa ubaoni. Ana miaka kumi na miwili, amengoja miaka miwili na miezi mitatu, na kesi imeahirishwa mara saba. Keshokutwa Jumatatu atasimama mahakamani Iringa. Amesema hatafungua mdomo asipomwona Mama amekaa mbele yake, kwa sababu ndugu za yule mtu aliyeshtakiwa huja wengi, wakajaza mabenchi. Jana mlinzi wetu Mzee Asukile alimuuliza, "Sasa mama, ubunge umekwisha, watakuruhusu kuingia?" Akajibu, "Mlango ule hata muuza karanga anapita, Asukile. Nitaingia na uzi wangu." Atapanda basi kesho baada ya misa, na miguu yake ile iliyovimba.

Mama Evarista, tunakushukuru kwa kukaa kwenye benchi ambapo sisi tungeondoka. Tunakuombea miguu ipone, usingizi ukujie, na siku moja ufume sweta bila kungojea faili. Mimi nina binti, na moyo wangu unaniambia akikua atakuta ubao huu una mistari michache.

Chaki umeniachia mimi. Ukirudi Jumanne nitaandika ubaoni, mbele ya jina la Ulezi, utakachotuambia, kiwe kizuri au kibaya, kwa mwandiko wangu huu wa kupinda. Mstari wa kwanza nitauruka.

Sekela, mhudumu