Nukta Mbili za Bi Ottilie

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Bi Ottilie Pröll, mpiga viola wa mtaa wa Josefstadt, hapa hapa Vienna. Viola ni ile fidla nene yenye sauti ya chini kidogo. Bi Ottilie alifariki wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne. Hakuwa maarufu. Alikuwa mkutubi mstaafu, mkali, mpenda kahawa nzito, na kila Jumapili alasiri alipiga muziki.

Zamani walikuwa wanne. Yeye, mdogo wake Alfons kwenye fidla ya kwanza, ile inayobeba wimbo, na jirani mmoja na mkewe. Walipiga sebuleni kwake muziki wa enzi zile wanaume walipovaa mawigi, ule ambao vyombo vinne vinaongea kama watu mezani. Kisha wakala keki ya plamu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Muziki ule una desturi yake. Sehemu ya kwanza ikiisha, karatasi ina mstari na nukta mbili. Maana yake, rudi mwanzo, piga tena. Baada ya hapo ndipo muziki unatoka nyumbani, unazurura, unapotea, halafu unarudi. Bi Ottilie hakuziruka nukta zile hata siku moja. Alfons, mh! Alfons alikuwa na haraka ya keki.

Jumapili moja walifika kwenye nukta. Dada akarudi mwanzo, mdogo mtu akaenda mbele. Zikagongana sauti, vurugu tupu.

"Dada, tumeshapiga! Hata paka ameshasikia!" Alfons akafoka.

"Nukta zimeandikwa, Alfons. Hukuziandika wewe."

"Wewe kazi yako kurudi nyuma tu. Ndiyo maana umezeeka peke yako."

Jamani. Bi Ottilie aliwahi kuwa na mchumba, akaenda zake, na mama huyu akamngoja miaka. Alfons alilijua hilo. Dada akamwonyesha mlango. Alfons akafunga fidla yake, akaondoka.

Na wale majirani wakaacha kuja. Wangepiga nini bila fidla ya kwanza?

Alfons hakuhama. Aliishi ng'ambo ya ua, dirisha lake likitazamana na la dada yake. Kila Jumapili Bi Ottilie alifungua dirisha, hata kwenye baridi, akapiga viola yake peke yake. Na sehemu ya viola ikiwa peke yake haina wimbo, ni kama kusikia mtu akiitikia tu, ndiyo, ndiyo, kweli. Mlinzi wa jengo alimcheka: "Maisha yote haya na bado hajajifunza wimbo mmoja!"

Kila Bi Ottilie alipofika kwenye nukta alinyamaza kidogo, akatazama dirisha la Alfons. Kisha akarudi mwanzo. Alikuwa mpweke, wasikilizaji, tusifiche. Alimtaka mdogo wake arudi.

Roswitha, binti wa Alfons, ndiye aliyevuka ua na vipande vya keki. "Baba alikaa nyuma ya pazia akimsikiliza," anatuambia. "Nikimwambia nenda, anasema, 'Aanze yeye.' Nikija kwa Shangazi, naye ananijibu, 'Aliyeondoka ni yeye.' Nikachoka miguu na moyo."

Ikaja Jumapili ambayo Bi Ottilie hakuweza kuinuka kitandani. Roswitha akafungua dirisha, akampigia baba yake simu. "Baba, leo hapigi. Hawezi." Alfons akakata simu.

Punde si punde, fidla ikasikika kutoka ng'ambo ya ua.

"Anakwaruza," Bi Ottilie akasema. Lakini vidole vyake vya kushoto vilikuwa vinatembea juu ya blanketi, vikipiga sehemu yake.

Fidla ikafika kwenye nukta. Ikanyamaza. Vidole navyo vikasimama. Roswitha anasema hajawahi kuona mtu akisikiliza namna ile. Kisha fidla ikarudi mwanzo, noti kwa noti.

"Kumbe njia anaijua," Bi Ottilie akasema, akatabasamu. "Mwambie aje. Keki ipo."

Roswitha akaita dirishani. Alfons akavuka ua na fidla mkononi. Lakini magoti yake ni mabovu, na dada yake aliishi ghorofa ya juu kabisa. Alipofika, Bi Ottilie alikuwa amelala. Akaketi kando ya kitanda, akamshika mkono, akamwomba radhi. Dada hakuamka tena; Jumanne akafariki. Narudia, maana yeye angetaka nirudie: hakuamka tena.

Jumapili iliyopita Alfons aliketi kwenye sebule ile, kiti cha dada yake kikiwa wazi, akapiga fidla. Alipofika kwenye nukta, alirudi mwanzo.

Mzee Alfons, Roswitha, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nawe unayesikiliza, kama kuna mtu unayengoja aanze yeye, jiulize unangoja nini. Ngazi zile ni ndefu kwa magoti ya kizee. Anza kuzipanda leo.