Mama Dorca na Mwanga wa Mchana

Ijumaa tarehe 28 Machi 2025, Mama Dorca Ajwang atavua koti lake la buluu la kazi hapa Ziwani Taa, Kisumu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwauzia watu mwanga. Wengi wetu tulimkuta hapa. Mimi, Waithira wa keshia, nilikuwa bado navaa soksi za shule alipouza balbu yake ya kwanza. Nimepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu nimeketi naye kaunta moja muda mrefu na pia, kama meneja alivyosema mbele ya watu, kwa sababu nina mdomo. Sikatai.

Mama Dorca ni mtoto wa Luanda Kotieno. Baba yake alikodisha karabai kwa wavuvi wa usiku wa omena, dagaa wa ziwani, na yeye alikua akifuta masizi kwenye vioo vyake kabla ya kwenda shule. Bwana Antony Kangethe, mwanzilishi wa duka hili, alimwajiri kufagia. Lakini wateja walikuwa wakiingia na kumpita Bwana Kangethe, wanakwenda kumuuliza mwenye ufagio, kwa Kiluo na kwa Kiswahili. Mwenye duka akachoka kusimama kama sanamu kwenye duka lake mwenyewe. Akamhamishia kaunta, akanunua ufagio mwingine na mtu mwingine wa kuushika.

Tangu hapo hakuna mteja aliyetoka na tyubu, zile taa ndefu za darasani na hospitalini, bila kwanza kuambiwa aweke mkono chini yake na kuutazama. Kama mkono unaonekana wa maiti, alisema Mama Dorca, taa hiyo ni ya stoo. Wazee wa kanisa moja walibisha, wakachukua nyeupe kuliko zote. Jumapili iliyofuata mchungaji alipanda madhabahuni, na kabla hajafungua kinywa akina mama wawili walikuwa wameshaanza kumwombea apone. Jumatatu wazee walirudi wameshika tyubu zao. Mama Dorca aliwabadilishia bila kucheka. Mimi nilicheka kwa niaba yake.

Ni yeye pia aliyeanzisha desturi yetu ya kufunga kila tyubu kwenye ubao mwembamba kwa kamba ya katani. Kabla ya hapo, watu wa Mbita walikuwa wakifika kwenye feri na vigae. Na wauzaji wote wa tawi letu la Ahero wamepita mikononi mwake. Ukimkuta mmoja wao anamwamuru mteja anyooshe mkono, ujue ametoka wapi.

Hayo ni ya dukani, na mnayajua. Ninalotaka kulisema leo ni la nyumbani kwake Migosi. Nimemwomba ruhusa, akanijibu, "Andika tu, Waithira, lakini usinifanye malaika." Nitajitahidi.

Mumewe, Mzee Obiero, alikuwa fundi wa mitambo Muhoroni, na aliyewahi kukaa naye dakika tano anajua kwamba nne zilikuwa zake za kuzungumza. Mwaka 2016 alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakakatika. Miguu ingeweza kuzoea kiti, lakini kilichomtisha Mama Dorca ni kwamba mzee aligeuza uso ukutani na hakutaka kugeuka tena, hata kwa chakula. Mdogo wake Mama Dorca, Lornah, ambaye ni muuguzi Kombewa, alimweleza bila kuzungusha. "Dada, huyu mtu anataka kitu ya kuangalia. Ukuta haitamponya."

Wakati huohuo Bwana Kangethe alikuwa akistaafu na kurudi kwao Nyeri. Nyumbani kwake alikuwa na tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wa rangi na matumbawe hai. Mtu hasafirishi bahari kwa lori mpaka Nyeri. Akamwachia Mama Dorca kila kitu, isipokuwa taa, maana fremu yake ilikuwa imeliwa na chumvi na tyubu zake zilikuwa zimechakaa.

Majirani walikuja kuangalia. Mmoja aliuliza samaki hao wanakaangwa lini. Alipoelezwa kwamba hao si wa kuliwa, alitikisa kichwa kwa huruma, akidhani ugonjwa wa mzee umeipata nyumba nzima.

Kuchagua taa, basi, kulikuwa kazi ya Mama Dorca, na kaunta yetu ilikiona cha moto kwa majuma mawili. Alikataa tyubu nene za kawaida, akaagiza Nairobi zile nyembamba zenye nguvu. Alitaka nyeupe za jua la adhuhuri ili matumbawe yapate chakula, kwani tumbawe hula mwanga kama mmea wa mahindi shambani, na buluu nzito ili rangi zake zionekane. Alizipanga kwa zamu, nyeupe kisha buluu, sita kwa jumla. Nyuma ya kila moja akaweka bati linalong'aa, lililokunjwa ili kurudisha mwanga chini. Fremu yote ikaning'inia darini kwa minyororo midogo. Mimi nilishika ngazi. Zilipowaka, sebule ya Migosi iligeuka kitu ambacho sijakiona tena. Mzee Obiero akatoa uso ukutani, polepole, akatazama.

Hapo ndipo damu ya ufuoni ilipomponza Mama Dorca. Mtoto wa Luanda Kotieno anajua jambo moja kuhusu taa na viumbe vya majini, nalo ni kwamba taa kali ndiyo inayoita. Mwenye karabai hafifu hurudi na neti tupu. Kwa hiyo aliwasha zote sita, akazishusha karibu na maji, akaziacha tangu alfajiri mpaka mzee alale. Lakini matumbawe si omena. Yalikuwa yamezoea tyubu kuukuu za Bwana Kangethe, na sasa yakamulikwa kama mtu anayeamshwa kwa tochi usoni. Wiki haikuisha kabla hayajaanza kupauka. Kijani kikaondoka, zambarau ikaondoka, yakabaki meupe kama mifupa. Mzee akarudisha uso ukutani.

Siku hiyo Mama Dorca alikuja kazini akauza taa kama kawaida, lakini hakumwambia mtu yeyote anyooshe mkono. Mchana alinieleza. Alisema ameua hata viumbe hivi. Lornah, alipopigiwa simu, alimpa jibu ambalo hapa dukani tumelifanya methali, "Hujaua. Punguza tu. Hata mgonjwa hatumpatii ugali siku ya kwanza."

Akapunguza. Alitoa tyubu mbili, akavuta minyororo juu, akawasha saa chache tu kwa siku. Kila wiki aliongeza kidogo, kama mtu anayemrudishia mgonjwa uji. Tangu hapo hajabadilisha tyubu zote kwa pamoja. Tyubu hufifia bila jicho kujua, kwa hiyo hubadilisha moja, anasubiri wiki kadhaa, kisha nyingine, ili kisiwepo kiumbe cha kushtuka humo ndani. Baadhi ya matumbawe yalikufa. Mengi yalirudi, la zambarau likiwa la mwisho.

Likabaki swali la saa. Matumbawe hayawezi kumulikwa mchana na usiku. Yanataka saa tisa au kumi za mwanga, kisha giza la kupumzika. Watu wenye matangi hupanga taa ziwake alasiri na kuzimika usiku, ili wakitoka kazini wafaidi. Bwana Kangethe alifanya hivyo, nami ningefanya hivyo. Mama Dorca alifikiria mzee ameketi siku nzima mbele ya tangi la giza akimngoja yeye arudi na mwanga. Akaweka swichi ya saa kwenye ukuta: buluu ziwake saa mbili asubuhi, nyeupe zifuate, na ya mwisho izimike saa kumi na moja na nusu jioni. Sisi hufunga duka saa kumi na mbili.

Mara moja alijaribu kuziongezea muda mpaka usiku ili naye aone. Kioo kikafunikwa na mwani. Akarudisha saa zilivyokuwa na hakujaribu tena.

Kwa hiyo isipokuwa alasiri za Jumapili akitoka kanisani, na likizo zake fupi, mwenye tangi amelijua tangi lake kwa kusimuliwa. Kila jioni, wakati wa kula, Maryanne anayemsaidia mzee nyumbani humweleza yaliyopita: samaki wa mistari amemfukuza mwenzake, tumbawe fulani limefunguka. Kesho yake Mama Dorca hutusimulia sisi kana kwamba alikuwepo.

Asubuhi moja simu yake ililia akiwa na mteja. Alikuwa Maryanne. Tumbawe la zambarau lilikuwa limetoa vidole vyake tena, samaki akapita katikati, na Mzee Obiero akanyoosha mkono wa kushoto na kusema, "Rech." Samaki. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu augue. Mama Dorca aliweka simu juu ya kaunta na akalia wazi, bila kujificha, na mteja, fundi mmoja wa Kondele mwenye tyubu mkononi, akampa leso yake yenye grisi. Sisi sote tulilia. Alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona, na bado nilijua kinachomuuma. Neno hilo lilisemwa kwenye mwanga aliouchagua yeye, na yeye hakuwepo.

Leo Mzee Obiero ana maneno ya kutosha kubishana na redio, na Maryanne anasema dakika nne kati ya tano zinaanza kurudi. Mwezi uliopita meneja alimwomba Mama Dorca abaki miaka miwili zaidi kwa mkataba, asimamie taa za LED zinazojaza rafu zilizokuwa za tyubu zake. Mshahara ulikuwa mzuri na heshima ilikuwa kubwa. Tulikuwa tumeshaanza kushangilia. Alishukuru kwa adabu, akasema, "Hapana, Bwana Meneja. Wacha na mimi niende nione hizo samaki mchana."

Asante, Mama Dorca, kwa kila mkono ulioutazama chini ya taa zetu. Tutakukosa vibaya, na mimi zaidi. Tunakuombea afya, na siku ndefu zisizo na haraka. Jumatatu ikifika saa mbili asubuhi, tukiwa tunafungua mlango wa chuma hapa mjini, taa za buluu zitawaka Migosi. Usiinuke kupokea simu yetu. Keti hapo kando ya mzee, mpaka ya mwisho izimike.