Fundi Pimatena Aliomba Hospitali Mara Tatu

Marehemu hakukataa hospitali. Aliomba apelekwe mara tatu, mara mbili kwa kinywa na mara ya tatu kwa penseli. Wazee wa kanisa waliokaa kando ya kitanda chake walimnyima, kisha Jumapili wakatangaza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekataa. Familia imeona hilo litangulie, ndipo yafuate mengine.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa nne kati ya saba wa mkata mbao na mshona mikeka. Alizaliwa akitanguliza miguu. Mkunga alimwambia mama yake, "Huyu anapima kwanza kina cha dunia, akiona kirefu atarudi." Hakurudi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980. Siku moja mwalimu aliwaambia wanafunzi kwamba ubao wa darasa una urefu wa mita mbili kamili. Mtoto akanyoosha mkono: "Mwalimu, umepungua vidole vitatu." Alichapwa kwanza, ndipo ubao ukapimwa. Ulikuwa umepungua vidole vitatu.

Mwaka 1981 mjomba wake alimchukua akamfundisha useremala, na mwaka 1989 akafungua karakana yake nyuma ya soko, chumba kimoja chenye meza ya kazi, randa mbili na misumeno iliyoning'inia ukutani kwa kufuata ukubwa. Jina la Pimatena alipewa na wateja. Hakuna ubao aliowahi kuukata kabla ya kuupima mara ya pili. Mama mmoja aliyechoka kungoja alimwuliza, "Fundi, ni kitanda au ni treni?" Akajibu bila kuinua uso, "Mama, utalala hapo miaka thelathini. Nivumilie dakika tano." Viti hamsini na viwili virefu vya kanisa ni kazi ya mikono yake, na vyote alivitoa kuwa sadaka.

Alifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1991. Mkewe alifika karakana kutengenezewa mguu wa meza, akaambiwa arudi kesho, na kesho yake akaambiwa arudi kesho kutwa. Siku ya tatu akamwambia, "Fundi, mguu mmoja tu huu! Ungekuwa wa tembo ingekuwaje?" Naye akasema, "Nikiumaliza, utaondoka." Mkewe hakusoma shule hata siku moja. Kwa miaka ishirini na tisa marehemu ndiye aliyemsomea kila karatasi iliyoingia nyumbani, barua za ndugu, taarifa za shule za watoto, hata zile zenye habari mbaya, bila kupunguza neno. Kwa hiyo mke huyo hakuwahi kujua kwamba maandishi yanaweza kusomwa kwa uongo.

Tangu mwaka 2004 marehemu alikuwa mtunza kikombe. Katika kanisa hili wote hunywa divai ya ushirika katika kikombe kimoja. Mtunza kikombe hupita kiti kwa kiti, akifuta ukingo kwa kitambaa cheupe. Kinachobaki hakimwagwi wala hakirudishwi chupani, hukinywa yeye, baada ya vinywa vyote.

Ugonjwa ulipoenea, bwana afya alifika kanisani tarehe 3 Februari 2021. Alitaka viti viachane, watu wavae barakoa na kikombe kisimame kwa muda. Marehemu alichukua futi yake akapima sakafu nzima kwa magoti, akaweka alama za chaki mahali pa kila kiti. Mchungaji aliingia akamkuta.

"Fundi, umeanza kumpimia Mungu nafasi?"

"Napima watu, Mchungaji. Mungu hana upana."

"Futa."

Wazee walicheka. Marehemu akafuta, kwa kitambaa kile kile alichozoea kufutia mbao zake. Mkewe alimshonea barakoa, naye Mzee Kengele, mzee wa kanisa anayepiga kengele, akamvua mlangoni: "Mwenye kikombe akiziba mdomo, kondoo watakula nini?"

Jumapili tarehe 14 Februari milango na madirisha vilifungwa ili kuimba kusisikike njiani. Asubuhi hiyo mkewe alikuwa amemshika mkono.

"Baba watoto, leo usinywe kilichobaki."

"Sasa niwape watu kitu ninachokiogopa mwenyewe?"

"Basi usiwape."

Marehemu alivaa viatu akaenda. Watu mia moja na themanini walikunywa, na marehemu akanywa mwisho. Familia haifichi jambo hili: mkono uliopitisha kikombe kile ulikuwa wake. Aliijua hatari, akaona haya kuwa peke yake. Kama kuna aliyeugua kwa mkono huo, familia inamwomba msamaha.

Homa ilianza Ijumaa tarehe 19. Jumatatu tarehe 22 pumzi ikawa fupi, na Mchungaji akaja na wazee wanne, wakakizunguka kitanda. Marehemu akasema, na mkewe akasikia, "Mchungaji, nipelekeni hospitali." Mchungaji akamjibu, "Tumekwisha kukupeleka kwa tabibu asiyeshindwa." Jumanne alimwambia Mzee Kengele, mbele ya dada yake, "Mzee, hewa hainitoshi. Nipelekeni." Mzee Kengele akasema, "Wewe ukikimbia, Jumapili nani atashika kikombe?" Dada yake alipofungua mdomo, akaambiwa kwamba mashaka ya wanawake ndiyo yanayomchelewesha mgonjwa kupona. Tangu saa hiyo dada na mke wakawekwa nje ya chumba.

Jumatano tarehe 24, saa nne asubuhi, mkewe alileta teksi mpaka mlangoni. Mzee Kengele akatoka chumbani akiwa ameshika kipande cha ubao. Marehemu hakuweza tena kusema, akawa ameandika kwa penseli yake ya kazi, akaonyesha kwa kidole kwamba apewe mkewe.

"Shemeji, mumeo amekuandikia," akasema Mzee Kengele. "Anasema, 'Niacheni hapa, Bwana ananitosha.'"

Mke akautazama ubao. Mwandiko ulikuwa wa mumewe, hilo alilijua. Akamwuliza mara ya pili, "Amesema hivyo kweli?" Mzee akaurudia usomaji wake, neno kwa neno, huku akipitisha kidole chini ya herufi. Mke akaenda kwa dereva, akamwambia kwa kinywa chake mwenyewe, "Rudi tu, baba. Mwenyewe hataki."

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 25 Februari 2021, saa tatu asubuhi.

Binti yake mkubwa alifika Jumamosi. Aliukuta ubao ukutani, mama yake akiwa ameutundika juu ya kitanda kama ukumbusho wa imani ya mumewe. Akausoma kwa sauti, "Mama watoto, nipeleke leo." Mama yake akamwambia asome tena. Akasoma tena. Jirani akaitwa, naye akasoma hivyo hivyo.

Kesho yake, Jumapili tarehe 28, Mchungaji alitangaza kwamba fundi wetu aliisukuma hospitali kwa mikono miwili, na kila mgonjwa afuate mfano wake. Wazee wameleta pia wasifu walioandika wao, ili usomwe hapa leo. Familia imeukataa.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, dada wawili na kaka mmoja, na wanafunzi wanne wa useremala ambao ndio waliolichonga jeneza hili, wakapima mara mbili. Mungu ampokee, ampe pumzi isiyokatika.

Lililobaki si lake tena. Mke wa mwalimu wa kwaya anaumwa tangu juzi. Jana mumewe aliambiwa na wazee amtoe hospitali, akamtoa, kwa kuwa ameusikia mfano wa fundi na hataki imani yake ionekane ndogo. Mzee Kengele anatakiwa amwambie mtu huyo ubao ulisema nini. Mchungaji anatakiwa akiri kwamba aliombwa hospitali Jumatatu akakataa. Hao wawili na mwalimu wa kwaya wamesimama hapa kaburini. Haya hayawezi kungoja Jumapili. Yasemwe sasa, kabla ya wimbo, kwa maana mke wa mwalimu wa kwaya bado anapumua.