Benchi Halitikisiki

Pale kona, kati ya kibanda cha kutengeneza simu cha jamaa anayeitwa Redio na ukuta wa nyumba ya Pindo, fundi cherehani, kuna benchi ambalo halitikisiki hata lori la mchanga likipita. Zamani lilikuwa ubao tu juu ya mawe, mmoja akicheka kahawa ya wote inamwagika, mpaka Zege, ambaye ni fundi mwashi, alipochoka kuungua mapaja. Akachanganya simenti, wenzake, Pindo akiwemo, wakabeba ndoo, miguu ya benchi ikasimikwa ardhini na chini pakasakafiwa vizuri ili mvua isilete tope. Tangu hapo wanalisifia kama mtoto aliyefaulu mtihani. Na benchi lina sheria yake, haijaandikwa popote lakini inajulikana: ubishi ukishaanza, anayesimama kwanza ndiye aliyeshindwa. Watu wameshabanwa na haja pale mpaka jasho likawatoka, na hawakuinuka.

Siku hiyo Pindo alifika kakunja uso, hajaoga. Angeogea wapi? Maji machafu ya choo na ya jikoni yalikuwa yamepanda kupitia tundu la bafuni, yametulia sakafuni meusi, na harufu ilishavuka korido ikaingia kwenye chumba cha cherehani. Mteja wa jana alilinusa gauni lake kwanza kabla ya kulijaribu. Lakini gauni si kitu. Kilichomuuma fundi wa watu ni mama yake mzazi. Bi mkubwa alikuwa amekaa kwa binti yake miaka kibao akiuguza mguu, kila siku akiuliza lini atarudi kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Amerudi juzijuzi tu, na asubuhi hii amesukuma chai pembeni na kufunga begi. Hasira aliyokuwa nayo Pindo ilikuwa ya kumpiga mtu. Shida ni kwamba hakujua ampige nani.

— Kahawa, alimwambia muuza kahawa, akakaa. Usinijazie.

— Macho mekundu, alisema Wahenga. Hukulala?

Huyu Wahenga alikuwa karani mahakamani kabla ya kustaafu, na jina alilipata kwa sababu hakuna jambo analoweza kulisema bila kuwatanguliza wazee wa kale.

— Nitalalaje? Mama anaondoka leo. Dada anakuja na gari jioni kumchukua. Ameniambia, mwanangu, mimi siwezi kula chakula na kunusa choo kwa pua hiyohiyo.

Wakashusha vikombe. Mama ni mama, hata kwa watu wale.

— Pole sana, bwana, alisema Wahenga. Wahenga walisema...

— Wahenga hawakuwa na choo cha kuvuta, Pindo alimkatiza. Waache wapumzike.

— Mimi ningeanzia jikoni, alisema Zege. Mafuta. Shemeji anakaanga, anaosha kikaango, mafuta yanakwenda kugandia mbele. Kazi kwisha.

— Mke wangu usimtie humo. Sinki lina kichujio, hata punje ya mchele haipiti.

— Basi nywele.

— Za nani? Mimi huyu unayemwona na upara wangu?

Redio alicheka, akatema kahawa kidogo. Redio ndiye mwenye habari zote za mtaa, za kweli na za kutengeneza, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema sijui.

— Nyie hangaikeni na nywele, na ghorofa lile mnaliona. Tangu limekamilika, nani hapa ameoga kwa raha? Wanawasha mota, mota inasukuma uchafu wao, uchafu unakuja kwa Pindo.

— Ghorofa liko bondeni, Redio. Sisi tuko juu. Uchafu unapanda mlima?

— Ndiyo maana nikasema mota.

— Kwa hiyo wananunua umeme ili waniletee mavi?

— Matajiri wana mambo yao, ndugu yangu.

Pindo alisikia damu inampanda kichwani. Alikuja pale apate mtu wa kumsaidia, au angalau wa kumwonea huruma, na sasa anafundishwa mavi yanavyopanda mlima. Muuza kahawa akamwongezea kikombe bila kuulizwa.

— Watu wa maji taka uliwaita? aliuliza Wahenga.

— Walikuja. Wakazunguka nyumba yangu yote, wanakanyagakanyaga chini, wanaambiana chemba iko wapi, chemba iko wapi.

— Chemba ndiyo nini?

— Lile shimo la nje lenye kifuniko, bomba la nyumba linapoingilia kabla ya kwenda barabara kuu. Pale ndipo wanapopitishia fimbo zao. Wanasema wakikosa chemba hawana pa kuanzia. Basi wakakaa hapa, wakanywa kahawa yao, wakaniambia nyumba yangu haina chemba. Wakaondoka.

— Mmeona? alisema Redio, akapiga paja. Wameiuza.

— Chemba inauzwaje?

— Kifuniko si chuma? Chuma si kinakwenda kwa kilo?

— Na shimo je?

— Shimo likishapoteza kifuniko chake linabaki shimo tu. Nani atalifuatilia?

— Hakuna aliyeuza kitu, alisema Zege, kwa ile sauti yake ya kazini. Mimi ni fundi, nawaambia. Nyumba hizi za zamani hazikujengwa na chemba. Watu wa zamani walikuwa wanakula kidogo, bomba likawatosha. Sasa hivi angalieni matumbo yetu.

Wakayaangalia kweli, wajinga wale.

— Mimi nimehangaika na bomba hilo wiki nzima, alisema Pindo. Nimemwaga maji ya moto. Nimemwaga dawa ya kuzibulia mpaka macho yakatoka machozi. Nimeingiza waya kutoka bafuni. Unakwenda vizuri, unatoka nje ya msingi, halafu unagonga. Ko. Kitu kigumu. Nimesukuma mpaka viganja vimechubuka, tazameni.

Akawaonyesha. Zege alivishika vile viganja, akavigeuza kama anayekagua matofali, akavirudisha.

— Kigumu kiasi gani?

— Kigumu. Jiwe.

— Chatu, alisema Wahenga.

— Chatu ana ugumu wa jiwe?

— Akishashiba.

— Mzee wangu, mimi naongea habari za mama.

— Na mimi nakusaidia, mwanangu. Usinipandishie sauti.

— Chatu si hoja, alisema Redio, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kufika mbali. Hoja ni nani anafaidika. Jiulizeni. Harufu ikizidi, nani anacheka? Anayeuza makopo ya kupulizia chooni. Juzi tu hapo dukani yalikuwa matatu, vumbi limeyajaa. Leo yamepangwa mpaka juu. Wanaziba, wanawanusisha, halafu wanawauzia maua ya kwenye kopo.

— Hapo umesema, alidakia Zege. Halafu mkishachoka, mnahama. Mkihama, wananunua nyumba. Leo mama yake Pindo, kesho sisi.

— Mama yangu hajahama, alisema Pindo.

— Si umesema begi limefungwa?

Pindo aliinua kikombe, akanywa. Aliogopa kwamba akifungua mdomo litatoka jambo ambalo haliwezi kurudishwa. Harufu nayo ilikuwa imezidi, inapanda hapohapo walipokaa, nzito, inakaba koo. Wahenga aliziba pua kwa leso. Zege aliinua mguu mmoja, akakagua soli ya kiatu.

— Nani kakanyaga?

Wote wakainua miguu, wakakagua. Hakuna aliyekanyaga. Muuza kahawa naye akakagua yake, akatikisa kichwa.

— Inatoka kwenye ghorofa, alisema Redio. Upepo umegeuka.

— Nyamazeni, alisema Pindo. Nyamazeni wote. Mnanichosha. Kila mtu ana jibu, na sijaona hata mmoja aliyeshika koleo. Mama yangu mzazi anafukuzwa na mavi kwenye nyumba yake mwenyewe, jioni dada atanitazama hivi, hatasema neno, nami nitabeba begi lile mpaka kwenye gari. Na nyie mmekaa hapa mnaniletea chatu.

— Tunatafuta ufumbuzi, alisema Zege, kaumia.

— Simama basi ukautafute.

— Nisimame katikati ya ubishi? Nishindwe?

Hapo ndipo mlango wa Pindo ulipofunguka. Bi mkubwa alitoka polepole, begi mkono mmoja, mkono mwingine umeshika ukuta, ncha ya mtandio puani.

— Shikamoo mama, walisema wote, hata Wahenga ambaye hakupishana naye sana umri.

— Marahaba, wanangu. Hamjambo?

— Hatujambo. Karibu ukae, alisema Zege, akasogea. Benchi letu hili, mama, halitikisiki.

Hakukaa. Pindo alitaka kumpokea begi, akakataa kwa kichwa.

— Mama, gari bado. Rudi ndani upumzike.

— Ndani kuna mahali pa kupumzika?

Pindo akainamisha kichwa. Bi mkubwa alisimama chini ya kidirisha cha bafu, akatazama ukuta, akatazama chini, akautazama tena ukuta. Akasogea hatua chache na macho yake yakashuka mpaka miguuni mwao, pale waliposakafia, akawa anatafuta kitu baina ya viatu vyao.

— Hivi, aliuliza, kile kifuniko cha chuma kilikwenda wapi?

— Kifuniko gani, mama?

— Kilikuwa hapa, chini ya dirisha. Si nilikuwa nakuanikia viatu vyako vya shule juu yake, kwa sababu kinashika joto? Baba yako alikuwa anakifungua kila mvua zikikaribia, anapitisha fimbo, anakifunga. Kilikuwa hapahapa mlipokaa. Kimekwenda wapi?

Redio, ambaye hajawahi kusema sijui, alichungulia ndani ya kikombe chake. Wahenga alifungua mdomo, na safari hii hata wale wazee wake wa kale hawakuwa na neno. Zege alikuwa anaitazama sakafu aliyoisakafia kwa mkono wake mwenyewe, laini, haina hata ufa, akawa anaisugua kwa ncha ya kiatu taratibu. Alijua simenti ikiwa bado majimaji inavyoweza kupenya pembeni ya kifuniko na kudondokea ndani. Alijua pia inavyokuwa ikishakauka.

— Nimeuliza tu, alisema bi mkubwa.

Wote walikuwa wamekalia jibu, na hakuna aliyeinuka. Pindo aliwatazama mmoja mmoja. Sasa alijua ampige nani, lakini walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa yeye.

Akasimama.

— Umeshindwa, alinong'ona Redio, kwa mazoea tu.

— Nimeshindwa. Zege, nyundo yako iko wapi?

— Tuzungumze kwanza, ndugu yangu. Ile si kazi ya kuvunja hivihivi. Labda kifuniko kiko upande ule zaidi. Tunaweza kupima, tukaita mtu...

Mfuko wa zana ulikuwa chini ya benchi, kama siku zote. Pindo aliuvuta mwenyewe, akatoa ile nyundo kubwa na tindo.

— Pindo, alisema Wahenga, benchi hili tumelijenga kwa jasho.

— Mnaotaka kukaa, kaeni.

Pigo la kwanza alilishusha kwenye mguu wa benchi. Kahawa iliruka kutoka vikombe vyote kwa pamoja, ikawaunguza mapaja, na wakainuka kwa mkupuo mmoja, hata haikujulikana nani kaanza. Bi mkubwa aliliweka begi chini, akaliegemeza ukutani, akalikalia.

— Kushoto kidogo, mwanangu, alisema.